Albamu ya Kidole

Jumanne, 4 Juni

Nimeanza kuhamisha picha za familia. Elfu kumi na moja, mia nne na sita! Zinatoka kwenye programu ya zamani, tuliyowekewa na shemeji miaka sita iliyopita, zinakwenda kwenye programu mpya niliyoichagua mwenyewe. Mke wangu kauliza ya zamani ina ubaya gani. Nikamjibu imepitwa na wakati. Kauliza imepitwaje na wakati inafunguka kila siku. Nikajifanya sijasikia.

Sababu ya kweli naiandika hapa tu. Shemeji, mdogo wake mke wangu, fundi simu mwenye kibanda na domo, alitengeneza albamu ya picha zote nilizopiga mimi kidole changu kikaingia mbele ya lenzi. Akaiita Kidole. Zimo mia mbili na kumi na mbili. Mgeni akija, kabla hajaulizwa atakunywa nini, ameshaonyeshwa Kidole. Hata mama mkwe, mtu mpole kabisa, juzi kwenye simu kauliza Kidole hajambo. Halafu akajisahihisha. Lakini nilisikia.

Jumapili mama mkwe anatimiza miaka sabini. Ukoo wote utakuja sebuleni kwetu, tutazame picha kwenye televisheni. Ameomba kitu kimoja tu: ile picha ya marehemu baba mkwe akicheka iwe ya mwisho, na ionekane kubwa. Anasema macho yake siku hizi hayataki vitu vidogo. Marehemu alikuwa fundi saa, na mbele ya kamera alikunja uso kama yuko ofisi ya vitambulisho. Maisha yake yote amepigwa picha moja tu akicheka. Nimemwahidi mama kwamba ataiona. Ataiona kwenye programu safi, isiyo na fitina.

Jumatano, 5 Juni

Kazi imekwisha, tena kwa siku moja. Programu mpya inaonyesha picha zote, isipokuwa Kidole, ambayo sikuihamisha. Sasa picha zipo mahali pawili: kwenye folda ya zamani na kwenye programu mpya. Jambo hili siwezi kulivumilia. Mimi ni karani wa masjala kwa miaka ishirini na miwili, na masjala tuna sheria: nakala ya pili huchanwa. Anayechana ni mimi.

Nimeifuta folda ya zamani, yote.

Kidole nilikishughulikia peke yake. Pipa la taka la kompyuta halikunitosha, maana kilichomo pipani kinaweza kufufuka. Nikabofya kufuta kabisa. Kompyuta ikaniuliza kama nina hakika. Sijawahi kuulizwa swali nikawa na hakika kiasi kile, hata siku ya ndoa. Sikuifungua kutazama kilichomo. Nitazame nini, kidole si ninacho mkononi?

Nimekula chakula cha mchana nikiwa na furaha ya ajabu.

Alhamisi, 6 Juni

Yarabi. Nimefungua programu mpya nimwonyeshe mke wangu, akiwa bado anatafuta miwani yake. Hakuna picha! Kuna miraba ya kijivu, kila mmoja na alama ya mshangao katikati. Nikashuka chini: miraba. Nikashuka zaidi: miraba. Elfu kumi na moja ya alama za mshangao, zote zinanishangaa mimi. Nilizima kioo mke wangu alipofika, nikamwambia umeme unasumbua. Taa ilikuwa inawaka juu ya kichwa changu.

Nikakaa. Kiti hakikuwepo, nikakaa sakafuni.

Ilinibidi nimpigie shemeji. Nikasema kuna mfanyakazi mwenzangu kapatwa na tatizo. Kaeleza taratibu, kwa ile sauti yake ya kuwaeleza wateja wenye simu zilizoingia maji. Programu hiyo mpya haihifadhi picha, inaandika tu kila picha iko wapi. Ukifuta folda, yenyewe inabaki inakuelekeza mahali patupu. Kasema ni kama rejista ya masjala: rejista inakutajia rafu, lakini faili liko rafuni. Miaka ishirini na miwili nashika rejista kwa mikono yangu miwili! Halafu akauliza huyo mfanyakazi mwenzangu ana vidole vingapi.

Alinielekeza nitazame pipa la taka. Zilikuwemo. Nikazirudisha zote, na kufikia saa kumi alasiri miraba imekuwa watu tena. Nililia kidogo, jikoni, nikasingizia vitunguu. Mke wangu akanionyesha kwamba nilikuwa nachemsha maji.

Kidole hakikurudi, bila shaka. Hiyo ndiyo faraja ya leo.

Ijumaa, 7 Juni

Nimetafuta picha ya marehemu akicheka. Sijaiona. Nimepitia miaka yote, harusi zote, hata picha za paka. Marehemu amenuna katika picha mia tatu na tisa.

Nikamuuliza mke wangu, kama mtu anayepitisha muda tu, kama anakumbuka ilipigwa lini. Alikuwa anapiga pasi. Kashangaa nimesahauje na niliyeipiga ni mimi. Ilikuwa uani kwao. Baba aliniambia niondoe kidole, nikaondoa kidole kingine. Akaniambia tena, nikasogeza mguu. Ndipo mzee akaangua kicheko, nami nikabofya na kidole kikiwa palepale. Kasema iko kwenye Kidole, ya kwanza kabisa, kwa hiyo hakuna haja ya kuitafuta. Akageuza shati, akaendelea na mkono wa pili.

Nilitaka kushika meza, nikashika pasi, nikaungua. Mke wangu kauliza nina nini, nikasema ni moto tu.

Nimewaza kumwambia mke wangu ukweli. Nimewaza kusafiri. Mwishowe nimepigia simu duka la kompyuta la mbali, bila kujitaja. Fundi wao kasema kilichofutwa kabisa huenda kikapatikana, mradi tangu siku ile hakuna kilichopakiwa kwenye mashine. Tangu juzi nimepakia filamu tatu na mchezo wa karata. Akanipa pole, ile ya msibani.

Mama mkwe kapiga simu jioni. Kauliza ile picha iko tayari. Nikasema iko tayari. Kasema tangu mzee afariki, miaka miwili sasa, uso wake anaanza kuusahau. Nimejiona mtu mbaya, na naliandika kama lilivyo.

Jumamosi, 8 Juni

Nimepata njia! Shemeji ni baba yake mtupu: paji lile, pua ileile. Koti na miwani ya marehemu viko kabatini kwetu. Nimemwita nikamwambia tunamwandalia mama zawadi, avae nguo za mzee nimpige picha, maelezo atapewa kesho. Alikubali kabla sijamaliza sentensi. Anapenda kupigwa picha kuliko chakula.

Nikamkalisha kwenye stuli uani. Ilibaki acheke. Nilimpa vichekesho vitatu, akatazama saa. Nikamwigia bosi wangu anavyopiga chafya, akaniuliza kama naumwa. Nikarudi nyuma ili aingie vizuri kwenye picha, nikarudi tena, nikaketi ndani ya beseni la nguo za kufua. Alicheka hadi stuli ikalia. Nikabofya hapohapo, nimelowa hadi kiunoni, sabuni puani.

Picha imetoka safi. Nimeifubaza rangi ionekane ya zamani. Ndipo nilipoikuza, nikaona juu kulia kuna kitu chekundu, kinene, chenye kucha. Nilishtuka nikautazama mkono wangu kama wa mtu mwingine. Shemeji alikuwa ameshaondoka. Lakini hata ile ya kweli ilikuwa nacho, kwa hiyo nimehesabu kuwa ni uhalisia.

Jumapili, 9 Juni

Walikuja kumi na wanne. Shangazi wawili walikaa mbele kabisa. Picha zikaanza kupita, na fedheha ya kwanza ikaja mapema. Zilipokuwa zinarudi kutoka pipani, programu mpya iliandika kwamba zote zimepigwa Alhamisi, tarehe 6 Juni, ikazichanganya. Mama mkwe kaolewa, kazaa watoto wanne na kustaafu siku hiyohiyo moja. Shangazi mkubwa kasema ndiyo maana alikuwa anaonekana amechoka.

Kisha ikaja ya mwisho. Shemeji alijiona kwenye televisheni na koti la baba yake, akafungua mdomo, hakikutoka kitu. Ni mara ya kwanza tangu nimjue.

Mama mkwe aliinuka. Akaikaribia televisheni hadi pua ikakaribia kugusa kioo. Alikaa pale muda ambao mimi nilizeeka. Kasema huyu ni mwanangu, amevaa miwani ya baba yake. Kasema marehemu akicheka alikuwa anafumba macho, na huyu kayatoa kama chura. Halafu akagusa ile pembe ya juu kulia. Kasema lakini kidole ni chenyewe.

Nilieleza yote, nimesimama, mikono nyuma kama mshtakiwa. Sheria ya masjala, pipa, kufuta kabisa, beseni. Mke wangu alinitazama kwa namna ambayo sitaiandika hapa. Shangazi mdogo aliomba nirudie sehemu ya beseni.

Mama mkwe hakunigombeza. Afadhali angenigombeza. Alifungua pochi, akatoa kitambaa kilichokunjwa, ndani yake picha ndogo kama kiberiti. Kasema aliisafishisha studio wiki ileile ilipopigwa, kwa sababu anamjua mkwe wake. Ila sasa akiishika anaona ukungu tu, ndiyo maana aliiomba kubwa. Ikapita mkono kwa mkono. Ilipofika kwangu nikamwona mzee: macho kafumba, mdomo wote wazi, na robo ya picha ni mimi. Nilimpenda yule mzee. Ndiye peke yake aliyekuwa akinicheka bila kunidharau.

Nikairudisha, mama akakataa kuipokea. Kasema niiskani, niikuze, amwone mumewe kabla macho hayajamwisha nguvu. Hiyo ndiyo iliyobaki duniani, kwa hiyo niitunze. Shemeji alipaliwa na maji. Akasema ataiskani yeye, kibandani, dakika mbili. Mama kasema hapana, kidole ni cha mkwe, na kazi ni ya mkwe.

Bado sijaamini. Ananiamini!

Jumatatu, 10 Juni

Niko masjala, saa ya chakula, wenzangu wametoka. Skana imewashwa. Nimefuta meza mara mbili, nimenawa mikono, nimeilaza picha juu ya karatasi nyeupe.

Wiki hii imenifunza mengi. Kutofanya haraka. Kuuliza wanaojua. Kutogusa kitu ambacho nakala yake haipo. Nimeyaandika kwenye kadi, nimeibandika ukutani mbele yangu, naiona ninapoandika hapa.

Ila nimeitazama picha vizuri. Ikikuzwa hivi ilivyo, kidole kitakuwa na ukubwa wa mto wa kulalia. Mama atamtafuta mumewe, atakutana na ukucha. Na shemeji atakuwepo. Karani mwenzangu alisema asubuhi kwamba siku hizi unaskani kwanza, kisha programu inakuondolea usichokitaka bila kuigusa picha yenyewe. Programu! Baada ya yote niliyofanyiwa na programu wiki hii, huyo ananishauri programu.

Mkasi wa masjala ni mkali, na mkono wangu umeuzoea kwa miaka ishirini na miwili. Nitakata kidogo tu, upande wa kidole. Sikio moja la marehemu litaondoka nacho, lakini haidhuru, lingine lipo.