Yai Bichi la Bimkubwa

Jumanne, 9 Septemba 2025. Wete.
Leo tena mama yangu, Bi Zuweina, kanipita mlangoni kwenda kwa Duni kununua mayai. Mimi mwanawe wa kumzaa nauza mayai, yeye huyo kwa Duni! Eti ya Duni ni ya kienyeji, yangu ya kizungu yaliyoletwa na meli. Kila asubuhi humeza yai bichi na asali kwa ajili ya kifua chake. La kizungu, anasema, ni maji matupu. Nimeumia. Mchana sikula.

Jumatano, 10 Septemba.
Nimekwenda kulichungulia banda la Duni. Mawili matatu kati ya mayai yake yana mavi na nyasi. Mteja akiona uchafu ndipo anaamini kuku huyu hula jalalani. Kumbe kazi yenyewe ndogo hivi! Nikachagua yangu madogo meupe, nikakoroga mavi ya kuku kwa maji, nikapaka moja moja kwa kitambaa, nikaanika. Mimi mwenyewe ningedanganyika.

Alhamisi, 11 Septemba.
Nimempa jirani yetu Bi Kijakazi mayai sita ampelekee mama. Nimemwambia nimeyanunua kwa Duni, ila asinitaje, maana bimkubwa hapokei yai mkononi mwangu. Kauliza mbona yananuka. Nikamjibu ndio ukienyeji wenyewe.

Ijumaa, 12 Septemba.
Mama kameza mawili. Anasema tangu azaliwe hajaonja yai lenye nguvu kama lile. Kamsifu Duni mbele yangu, kwa mayai yangu! Nitamwambia akishayamaliza yote, akose la kubisha.

Jumapili, 14 Septemba.
Mama kalazwa. Kuharisha, kutapika na homa tangu jana alfajiri. Macho yameingia ndani. Kaniita kwa jina la marehemu baba, nikaogopa sana. Daktari Jawaher anasema ni bakteria. Mavi yakiganda juu ya yai, vijidudu hupenya ganda na kuingia ndani, na yai bichi halikupata moto wa kuviua. Akauliza yalitoka wapi. Bi Kijakazi akawahi: kwa Duni. Nafasi ya kusema nilikuwa nayo. Nikatazama dripu.

Jumanne, 16 Septemba.
Hanunui mtu kwa Duni. Mwenyewe kaja wodini na chupa ya uji, analia, anaapa kwamba mayai yake hayana neno. Mama kageukia ukutani, kasema kikulacho ki nguoni mwako. Nilijichukia kwelikweli. Mpaka adhuhuri hivi, wateja wake walipoanza kuja kwangu.

Ijumaa, 19 Septemba.
Mama karudi nyumbani, kabaki mifupa. Kanishika mkono, kaniomba radhi. Anasema alimdharau mwanawe akaamini watu wa nje. Kuanzia kesho yai lake litatoka kwangu tu. Nikamkumbusha kuwa daktari kasema lichemshwe. Kanijibu Jawaher kazaliwa yeye akimuona, hana la kumfundisha juu ya yai. Sikubishana. Neno hilo la radhi nimelingoja miaka arubaini.

Yale niliyoyapaka yamebaki ishirini na mawili. Kuyatupa ni israfu. Nimeyatia kwenye ndoo ya maji ya kisima na kuyasugua mpaka yamekuwa meupe pe. Kosa lilikuwa uchafu, na sasa uchafu haupo. Mawili mazuri kuliko yote nimemwekea mama ya asubuhi, pembeni ya asali.