Mita Mia Moja Sitini na Moja

Jumatatu, 3 Machi
Siku kubwa! Nimeficha kopo langu la kwanza nyuma ya benchi la maktaba. Halipitishi maji. Ndani kuna daftari na penseli iliyochongwa. Mchezo wetu ni huu: unaficha, unatuma mahali penyewe kwa simu, mhakiki akikubali linaingia kwenye ramani, wenzako wanasaka na kutia sahihi. Wiki jana Miwani, niliyesoma naye chuo, aliniambia mbele ya kikundi kizima, dada, wewe ni wa kusaka, kuficha tuachie wenyewe. Nikaapa: kopo langu lisipokuwa kwenye ramani kufikia Jumamosi, uenyekiti wa kikundi ni wake. Wote walipiga makofi. Yeye kuliko wote.

Jumanne, 4 Machi
Mhakiki amekataa! Kati ya kopo na kopo lazima pawe na mita mia moja sitini na moja. Kopo lipi? Ramani ni tupu! Amejibu kwa upole kwamba lipo kopo la fumbo, mahali pake hapaonyeshwi, na haruhusiwi kunitajia. Yaani nikae mbali na kitu nisichotakiwa kujua kilipo. Nimesoma kanuni hiyo ya kwanza mara tisa. Ina mantiki. Hilo ndilo linalonitia wazimu.

Jumatano, 5 Machi
Ukuta wa duka la dawa: karibu mno. Uzio wa kinyozi: karibu mno. Mlango wa posta: karibu mno. Kinyozi aliniuliza nimepoteza nini. Nikasema sijapoteza, naweka. Akamwita mteja wake, povu kidevuni, aje aone.

Alhamisi, 6 Machi
Wazo! Kila nilipokataliwa nimechora duara kwa bikari. Yanapoingiliana yote ndipo kopo lilipo. Yanaingiliana juu ya nyumba ya Shangazi. Ninamoishi. Bikari imelegea, bila shaka. Nimechora upya. Kwa Shangazi tena!

Ijumaa, 7 Machi
Nimepekua chini ya makochi, nyuma ya cherehani, ndani ya kapu la vitambaa. Shangazi akaweka mkasi chini, akauliza, mwanangu, unafukuza panya? Nikamweleza. Akacheka mpaka pini zikamdondoka mdomoni. Si lile kopo la yule kijana wa miwani? Liko kibarazani, kwenye chungu cha maua, mwezi wa pili huu. Alibisha hodi, akasalimia, akaomba ruhusa. Kwa nini hukuniambia? nikamuuliza. Hukuuliza, akasema, na hapo unapita kila siku umeinamia simu.
Mwenye mahali aombwe ruhusa: kanuni ya pili. Kumbe kuna ya pili!
Nimelifungua. Daftari jeupe, hakuna aliyewahi kulipata. Ningetia sahihi ningekuwa wa kwanza kabisa. Nimelifunga. Siwezi kumpa raha hiyo.

Jumamosi, 8 Machi
Miwani ni mwenyekiti. Ameniuliza kwa huruma, Shangazi hajambo?
Nimerudi nikatafakari kwa utulivu. Maktaba haina kosa. Kopo langu halina kosa. Chungu ni cha Shangazi, na Shangazi ndiye anayekaa pabaya. Mtaa wa nyuma kuna chumba kinapangishwa, mita mia mbili na kumi kutoka benchi langu. Nimepima mwenyewe. Kesho asubuhi nahamisha cherehani, chungu kitafuata. Mwenye chumba sijamwuliza. Shangazi pia. Lakini dirisha ni kubwa, atapapenda.