Nyangumi wa Lambo la Mhunze

Jumatatu, 4 Novemba

Mvua hakuna. Mawingu yanapita juu ya Mhunze bila hata kutusalimia. Lambo limepungua mpaka matete yanaonyesha miguu.

Jirani yangu Maduhu, mwenyekiti wa kamati ya lambo, kashinda ukingoni na kizibao chake kinachong'aa, anawaelekeza ng'ombe upande wa kunywea. Ng'ombe! Kama hawajui maji yalipo. Siku ya kumchagua nilikuwa nimesimama mbele kabisa, nimevaa koti, na bado watu wakamwona yeye.

Jambo jema moja. Loveness kaja likizo, binti wa dada yangu Salome. Anafanya kazi kule kisiwani Mafia na watafiti wa baharini. Kanipigia magoti, shikamoo mjomba. Marahaba, mwanangu. Nikamuuliza hasa anafanya nini huko. Kasema anasikiliza nyangumi.

Nikamwomba arudie. Akarudia vilevile.

Jumanne, 5 Novemba

Nimeelewa kila kitu. Wanazamisha maiki maalumu baharini, inanasa sauti usiku na mchana. Nyangumi anaimba. Huna haja ya kumwona, sauti inakwambia kapita lini na kaelekea wapi. Loveness anakaa na hedifoni masikioni, anasikiliza bahari nzima kwenye kompyuta. Mke wangu Scolastika kamuuliza kama hachoki. Kasema huwa analia kidogo, halafu anaendelea.

Bahari inapata joto, kasema. Chakula cha nyangumi kinahama, na wao wanabadilisha majira. Mwaka huu mmoja kasikika mapema kuliko msimu wowote waliowahi kusikiliza. Sauti hiyo anayo hapa. Anaisikiliza mara ya mwisho, kisha anaituma kwa wakubwa wake. Watafiti wengine hawataamini mpaka waisikie.

Nikauliza, mnyama akisikika mahali asipotarajiwa, inakuwaje? Akacheka. Kasema hapo watafiti wanakuja na magari, wanaweka kambi, wanatafuta mwenyeji wa kuwaongoza.

Mwenyeji wa kuwaongoza!

Kitu kingine. Aina yenyewe inaitwa nyangumi mwenye nundu. Ng'ombe wetu wana nundu. Sijasema neno, lakini nimeliona.

Jumatano, 6 Novemba

Mpango umekamilika. Nauandika hapa kwa sababu hakuna mtu mwingine wa kuuthamini.

Lambo letu litatoa sauti. Watu watashangaa. Loveness atazamisha maiki yake, nayo itanasa mnyama asiyejulikana, aliyekimbizwa na mabadiliko ya tabianchi mpaka huku kwetu Kishapu. Watafiti watakuja. Watauliza nani kamsikia kwanza. Nitakohoa kidogo.

Loveness na Scolastika walipokwenda gulioni, nikaifungua kompyuta. Kwangu si kazi. Kibandani kwangu naweka nyimbo kwenye simu za watu tangu enzi za simu za vitufe. Ile sauti ya nyangumi wa mapema iko peke yake kwenye jalada lake, kaiandika jina kwa herufi kubwa. Nikaitia kwenye memori kadi.

Sikuinakili. Nimeihamisha. Ikibaki kwenye kompyuta, Loveness anaweza kuilinganisha na sauti ya lambo akagundua zinafanana. Mtu mwenye akili anafikiri mbele. Nitairudisha baadaye.

Spika nimechukua ya kwaya, ile inayotunzwa na Scolastika chini ya kitanda. Inakaa na chaji muda mrefu sana. Kwaya haiimbi mpaka Jumapili.

Alhamisi, 7 Novemba

Ushindi!

Nimetia kadi kwenye spika, nikaiwasha ijirudie yenyewe, kisha nikaifunga kwa mifuko ya nailoni na vipande vya tyubu ya baiskeli, hata hewa haipenyi. Nikaiweka ndani ya dumu lililokatwa mdomo, jiwe chini ili lisiyumbe, nikalisukuma katikati ya matete kabla watu hawajafika. Nikaondoka. Nikarudi nikipiga mluzi kama mtu anayepita tu.

Sauti ikaanza chini kabisa, kama tumbo la mwenye njaa. Ikapanda. Ikapanda tena, mpaka ikawa kama mlango wa ghala unaofunguliwa na mtu asiyetaka kusikika. Paskalia, yule mama anayeuza michembe, viazi vitamu vilivyokaushwa, sokoni, alikuwa amejitwisha ndoo. Ndoo ikabaki, Paskalia hakubaki. Kina mama wengine wakamfuata. Hata mimi nilijua ni spika na bado nywele zilinisimama.

Maduhu kasimama wima na kizibao chake, mdomo wazi. Nikamsogelea. Nikamwambia kwa upole kwamba haya ni mambo ya kisayansi, asijilaumu.

Kikwazo kimoja kidogo. Ng'ombe nao wamekataa kunywa.

Ijumaa, 8 Novemba

Kikwazo si kidogo.

Ng'ombe wa kijiji kizima wamegoma. Wanafika ukingoni, wanasikiliza, wanageuka. Wafugaji wanawapeleka mpaka lambo la kata ya pili, na ndama wa mfugaji Mageni kaanguka njiani, wamembeba kwa mkokoteni. Sungusungu, walinzi wetu wa kijiji, wameitwa. Mmoja anasema ni joka. Mwingine anasema ni mtu aliyezama zamani, anadai mtoto apewe jina lake. Nikajaribu kuwaeleza habari ya tabianchi. Wakaniuliza tabianchi ni mtoto wa nani.

Nikaamua kuitoa. Najua kurudi nyuma kwa heshima. Lakini Maduhu kaniwahi, kalileta dume lake jeusi ili kuwaonyesha ng'ombe wengine kwamba hakuna cha kuogopa. Sauti ikapanda. Dume likashusha pembe, likaingia kwenye matete kama gari lisilo na breki. Dumu likaruka. Likapinduka. Likazama upande wenye kina.

Kimya.

Watu wakampigia Maduhu makofi. Wanasema dume lake limemfukuza yule kiumbe. Kinamama wamepiga vigelegele! Na mimi nimepiga makofi. Ningefanya nini?

Jumamosi, 9 Novemba

Asubuhi Loveness kafungua kompyuta ili aitume ile sauti. Haipo. Kaitafuta kila mahali. Nikamsaidia kutafuta. Nilitafuta kwa bidii kuliko yeye.

Nikauliza, kama mtu asiyehusika, si ana nakala nyingine? Hana. Kadi ya kwenye maiki ilifutwa ikarudishwa baharini, na mtandao wa kule kisiwani haukuwahi kubeba faili kubwa namna hiyo. Alikuwa anaisubiri nafasi hii ya kuituma kutoka huku bara.

Halafu akakaa kwenye kigoda. Hakupiga kelele. Kasema walizamisha maiki ile msimu mzima wakiambiwa wanapoteza muda, na yule nyangumi mmoja ndiye aliyewajibu. Scolastika kamshika bega. Kanitazama mimi. Sijui kwa nini wanawake wa nyumba hii, kitu kikipotea, macho yao huanzia kwangu.

Nilitaka kusema. Kweli nilitaka. Lakini spika ya kwaya ingejitokeza kwenye maelezo, na nikaona tulishughulikie jambo moja kwanza.

Nimekwenda lamboni na mti mrefu, nikachokoa. Nimetoa kandambili. Nimetoa ruba, aliyenitoa mimi damu. Sijui kuogelea. Nikarudi.

Jumapili, 10 Novemba

Siku mbaya.

Kwaya imeimba bila spika. Scolastika kasimama mbele akisema imepotea katika mazingira asiyoyaelewa, lakini ataanza kuyaelewa karibuni. Nikainamisha kichwa kama mtu anayesali.

Baada ya ibada Paskalia kapita nyumbani kumletea Loveness michembe ya kurudi nayo Mafia. Tukamkaribisha ugali. Mazungumzo yakaenda lamboni. Paskalia kaweka tonge chini akasema yeye hakukimbia kwa woga, alikimbia kwa huzuni. Kwamba ile sauti ilikuwa ya mtu anayeita na hajibiwi. Kisha akaiiga. Ilianza chini, ikapanda, ikapanda tena, ikaishia kwenye ule mlango wa ghala. Na nyuma yake akaongeza kitu kama pikipiki ya mbali, tu-tu-tu-tu.

Loveness kasimama na tonge mkononi.

Kasema ile tu-tu-tu ni injini ya boti ya mzee mmoja wa Mafia. Ilipita siku ileile. Anaijua hata usingizini.

“Mjomba,” alisema.

Basi. Neno hilo tu. Nimewahi kutukanwa na sungusungu, mama mkwe na mkaguzi wa mizani, hakuna aliyefika hapo.

Nikaeleza. Scolastika hakusema kitu mpaka nilipofika kwenye spika. Hapo alisema vitu vingi, na vingine kwa Kisukuma, lugha anayoihifadhi kwa ajili yangu.

Kisha Loveness akauliza jambo la ajabu. Kama chaji inaweza kuwa ipo bado.

Jumatatu, 11 Novemba

Naandika haraka, mikono ina tope.

Loveness alifungua sanduku lake, akatoa maiki ya majini ya akiba. Kitu kidogo, cheusi, mfano wa yai la kware, na waya mrefu. Tukashuka lamboni, na nusu ya Mhunze nyuma yetu. Ilibidi nieleze tena, safari hii mbele ya sungusungu wote. Mageni kauliza ndama wake aliogopeshwa na memori kadi? Nikasema, kwa namna fulani.

Loveness kasema kwa wote, bila kunitazama, kwamba mfuko ukitoboka na maji yakaingia kwenye kadi, basi, na chaji ikiisha hatutajua spika ilipo. Kazi ni kuifuata sauti wakati bado ipo. Nani anaingia majini?

Wote wakanitazama. Nikawaonyesha alama ya ruba.

“Mimi naingia,” alisema Maduhu. Akavua kizibao, akakikunja vizuri, akanipa mimi nikishike. Mimi! Kajifunga tyubu ya tairi kiunoni akaingia, maji mpaka kifuani.

Loveness kazamisha maiki ukingoni, kavaa hedifoni, kafumba macho. Kasogea. Kazamisha tena. Kijiji kizima kilishika pumzi, hata mbuzi. Upande wa matete kichwa cha Loveness kikainuka. Kasema yupo. Kwa mbali, lakini yupo, anaimba.

Basi ikaanza ile kazi aliyokuwa akiifanya baharini, sasa anaifanya Kishapu. Sauti ikipungua, anarudi. Ikikua, anasonga. Anamwelekeza Maduhu kwa mkono: kushoto, mbele, hapana, rudi. Mimi nilibeba waya. Ni kazi ya maana pia.

Maduhu akazama. Akaibuka na tope. Akazama tena. Akakaa chini mpaka mkewe akaanza kulia. Akaibuka na furushi langu kichwani, nailoni imekaza, na hapo hapo, hewani, mbele ya watu wote, nyangumi akapandisha sauti yake.

Hakuna aliyekimbia.

Kadi ilikuwa kavu. Naomba iandikwe mahali kwamba nilifunga vizuri. Loveness kairudisha sauti kwenye kompyuta pale pale juu ya ukingo, kanakili mara kadhaa, kisha akalia kidogo, kama alivyosema huwa anafanya.

Halafu kawapa watu hedifoni, mmoja mmoja. Kawaeleza kwamba huyu alikuja kabla ya majira yake kwa sababu bahari haijui tena majira ni lini. Mageni kasema na mvua hapa vilevile, haijui. Wafugaji wakaitikia kwa vichwa. Maduhu, maji yanamchuruzika, kasikiliza muda mrefu kuliko wote. Alipovua hedifoni kasema, “Huyu anachunga. Anaita walio nyuma.”

Loveness kayaandika maneno hayo. Ya Maduhu! Kisha kavua kofia yake yenye picha ya nyangumi akamvika. Inamkaa vizuri. Inauma kusema, lakini inamkaa vizuri.

Nikavikwa hukumu. Sungusungu wameamua nizoe tope la lambo mpaka mvua ya kwanza. Ng'ombe wa Maduhu walikuja kunywa nikiwa ndani. Dume jeusi limenitazama muda mrefu.

Alhamisi, 14 Novemba

Loveness kaondoka alfajiri. Sauti imekwisha kutumwa, wakubwa wake wameisikia, wamepiga simu wakishangilia. Kanikumbatia. Kasema amenisamehe, ila kompyuta kaondoka nayo ameikumbatia kifuani kama mtoto mchanga, na jana usiku ililala chumbani kwa Scolastika. Mimi nililala sebuleni.

Nimeapa mbele ya Scolastika. Nimeapa mbele ya kwaya, ambayo ilidai nisimame. Mipango basi. Nitaweka nyimbo kwenye simu za watu, nitazoa tope, nitakuwa mtu wa kawaida. Moyo mwepesi. Sijui kwa nini sikuishi hivi toka zamani.

Ijumaa, 15 Novemba

Asubuhi, tope. Mchana, kibandani. Kaja mteja kutoka Kolandoto kuwekewa nyimbo za injili. Mzungumzaji. Kasema kuna watafiti wanazunguka mkoani wanahesabu popo. Na hawawaoni! Wanawasikiliza, kwa mashine, sauti ambazo sikio la mtu halizipati. Wanafika na magari mawili. Wanatafuta mahali penye popo wengi, na mwenyeji wa kuwaongoza.

Niliendelea kumwekea nyimbo. Nimebadilika.

Nimemuuliza tu wanafika lini.

Darini kwangu hakuna popo hata mmoja. Darini kwa Maduhu wamejaa tele, kila jioni wanatoka kama moshi, na yeye mwenyewe analalamika. Kuwahamisha wachache kwa gunia si mpango, ni ujirani mwema. Maduhu kesho anakwenda Shinyanga mjini na kofia yake.

Kinachokosekana ni ngazi ndefu. Mhunze nzima mwenye ngazi ndefu ni Maduhu. Nimekwenda kuiazima kwake. Kanipa bila kuuliza, na kasema ameona fahari jinsi nilivyobadilika.