Hatua Arobaini za Norbert

Vainqueur alianza kutangaza kabla hata hajazima pikipiki. Ndiyo sababu pale kwa Yunusu, muuza kahawa mbele ya depo ya mbolea Baraka, walimwita Radio.

"Bandugu! Kilio ya Norbert ni kwake. Dada yake, Solange, ameshapakia kuni, mukokoteni muzima. Moto utawaka mbele ya mulango siku tatu!"

Yunusu aliacha kumimina kahawa. Norbert, mtunza depo, walikuwa wamemzika asubuhi ileile. Na kwake palikuwa chumba kimoja ndani ya ua wa depo, ukuta kwa ukuta na magunia ya nitrati, mbolea isiyotaka kuonana na moto.

"Kwake kule ndani?" aliuliza Casimir, mwenye mtumbwi wa injini. Huyu walimwita Jaji, kwa kuwa alikata kesi zote isipokuwa zake.

"Sasa ulitaka bamulilie katikati ya ziwa?"

"Radio, Norbert alinifukuza pale na bidon yangu ya mazutu, mafuta ya mutumbwi, kama mi ni mwizi! Eti mazutu na ile mbolea ni bibi na bwana. Ukibalalisha chumba moja, banazaa bomu."

"Mi, alinizimia sigara na chai yake mwenyewe. Leo tunamuwashia moto mukubwa pale pale, kumushukuru. Hiyo njo heshima! Tutamusindikiza mpaka mbinguni, sisi, depo, na soko yote."

"Basi kilio bila moto."

"Jaji! Muntu bila moto amelilwa kama mupita njia. Nenda umwambie Solange."

Casimir alichungulia ndani ya kikombe chake kana kwamba kesi ilikuwa humo. "Yunusu atasema. Ye njo alikuwa rafiki yake."

Rafiki? Miaka tisa, kila asubuhi, Norbert aliweka kisigino kwenye ukuta wa depo, akahesabu hatua arobaini, akasema: mbabula yako ya makaa ikae hapa. Na kila siku, akigeuka tu, Yunusu alilisogeza jiko hilo kidogo kidogo kufuata kivuli cha ukuta. Walitukanana kila siku ya Mungu. Tangu juzi, Norbert alipofariki, hakuna aliyemtukana Yunusu.

Mkokoteni ulifika, Solange nyuma yake, kitenge kimefungwa kiunoni.

"Nani anasema ndugu yangu hatapata moto?"

Ghafla mnyororo wa pikipiki ya Vainqueur ukahitaji kukaguliwa.

"Mama Solange, pole," alisema Yunusu. "Moto ataupata. Lakini hatua makumi ine toka ukuta. Hiyo ni sheria yake mwenyewe. Tumulilie hapa, kwa makaa yangu."

Solange akaonyesha ukuta kwa kidevu. "Pimeni."

Casimir akajitolea, akahesabu kwa sauti ya mahakama. "Makumi ine!" Alikuwa bado kivulini.

"Hizo ni hatua za kuku," alisema Solange. Akavua kandambili, akaweka kisigino ukutani. Miguu ilikuwa ya kaka yake, mirefu, isiyo na haraka. Akapita benchi. Akapita mbabula. Akasimama katikati ya jua.

"Hapa."

Kwa mara ya kwanza katika miaka tisa, Yunusu alibeba mbabula bila kubisha. Makaa yake ndiyo yaliyowasha kuni. Majirani wakaja, wakaketi kuuzunguka moto saa nane ya mchana, jasho na machozi yakichuruzika pamoja.

"Norbert," aliguna Casimir akijifuta shingo, "tumekuzika, na bado unatuanika!"

Solange akacheka, akaongeza kuni.

Kilio kilipoisha, Yunusu alirudi asubuhi, akaiweka mbabula karibu na ukuta, kwenye kivuli chenyewe kabisa. Akasimama, akangoja kufokewa. Wakapita bata wawili. Akaibeba tena, akahesabu mpaka arobaini, akaongeza moja.