Jogoo Aliyeitwa Jike

Sogeeni, enyi wenye masikio, na ninyi mliokuja kwa ajili ya chai tu sogeeni pia. Wekeni vikombe chini, mwenye kukohoa akohoe sasa amalize, maana leo hausimuliwi ugomvi wa majirani. Leo unasimuliwa mwendo wa Arlys Kjerstad, binti Halvor, mpishi wa shule ya Edenfeld kwa miaka thelathini na mmoja, mshika mwiko asiyetetemeka, mtuliza masufuria yanayofoka, mwenye goti moja la Mungu na jingine la chuma, aliyetoka kwake Jumamosi ya kufungua msimu wa kuwinda, kule Dakota Kusini, akaenda kupambana na jogoo mmoja wa porini, ndege wa mkia mrefu.

Na vita haviji bila chanzo. Kwa miaka ishirini na sita Arlys alikuwa akiwinda katika mashamba ya mzee Leland Weisz, na ada yake ilikuwa kuken moja, ile keki ya hamira yenye kastadi na plamu juu yake. Mzee alikuwa akiipokea mlangoni, akainusa, akasema, "Haya, pita." Mkataba ulikuwa huo, haukuwa na karatasi wala shahidi. Lakini Februari mzee alifariki, shamba likamwangukia mwanawe Myron, na Myron akapigilia ubao langoni: kila bunduki italipiwa dola mia mbili kwa siku. Hakuwa mtu mbaya. Mbegu zilikuwa zimepanda bei, na trekta halili kuken. Arlys alisimama mbele ya ubao ule akausoma mara mbili, ingawa macho yake hayana shida.

Shemeji yake, Duane Pfeifle, mume wa dada yake Joyce, yeye alilipa hata bila kuuliza, akawalipia na wenzake saba wa ofisini. Ijumaa jioni, wakiwa mezani kwa Joyce, akajifuta mdomo, akanena:

"Shemeji, nikulipie na wewe? Ardhi ya umma siku hizi ina watu wengi kuliko ndege. Utarudi na kikohozi tu."

"Nimekushukuru, shemeji. Sijawahi kununua njia ya kupita, sitaanza na goti hili."

"Kuken ilikuwa nini basi, kama siyo malipo?"

"Ilikuwa kuken," akasema Arlys.

"Basi Jumapili utakula maboga."

Hapo binti Halvor akainuka kwenye kiti, akashika ukingo wa meza kama nahodha ashikavyo usukani, akaapa mbele ya viazi na mbele ya nyama: "Jogoo atakayeingia sufuria yangu Jumapili hatakuwa amelipiwa na mtu. Nitamtoa palipo pa watu wote. Nikishindwa, shemeji, lete wako, ukae kiti cha baba, nami nitasimama mbele ya ukoo mzima nikushukuru."

Joyce akaangusha kijiko. Maana kiti cha Halvor si kiti cha hivi hivi. Tangu mzee azikwe, hukaliwa siku moja tu kwa mwaka, Jumapili ya kwanza ya msimu, na hukaliwa na aliyeleta ndege. Miaka yote hiyo aliyekikalia ni Arlys. Duane alikuwa akikitazama kwa pembeni tangu siku ya harusi yake.

Hata kulipokucha, Arlys alivaa kofia ya rangi ya chungwa, akachukua bunduki ya marisau aliyoachiwa na babake, akafunga kuken moja kikapuni iwe chakula cha njiani, akampakia Tilda kwenye pikapu. Tilda alikuwa mbwa wake, mwenye miaka kumi na mitatu, kiziwi wa masikio yote mawili, mnene wa kiuno, mwenye fahari isiyopungua.

Akafika kwenye pori la umma. Lo, majeshi aliyoyakuta: magari kutoka majimbo saba, mbwa wakilia kama siku ya kiama, wanaume wakipiga miguu chini na kutazama saa, kwani sheria inakataza risasi kabla ya saa nne. Saa nne ilipogonga, wakamwagika nyasini.

Sasa jueni desturi yao, kwa kuwa kisa chote kimening'inia hapo. Katika ndege hawa wa mkia mrefu, dume ndiye anayeruhusiwa kupigwa; jike haguswi. Kwa hiyo ndege anaporuka, aliyemwona wa kwanza hupaza sauti, "Jogoo," au "Jike." Likitamkwa jike, mitutu yote hushuka, hata kama aliyetamka ni mlevi. Neno hilo haliulizwi.

Naye Arlys siku ile alilisikia neno hilo mpaka likamkinaisha. Jike. Jike. Jike tena. Majike kumi na moja waliinuka mbele yake wakaenda zao kwa madaha, na jogoo mmoja tu, ambaye aliangushwa na daktari wa meno kutoka Minnesota, mbali mno. Ilipofika saa tisa, goti la chuma lilikuwa limeanza kusema, na Tilda alikuwa amelala juu ya buti za mtu wasiyemjua.

Mwingine angerudi nyumbani akamenye maboga. Lakini mtu aliyesubiri maharage yaive kwa miaka thelathini na mmoja hawezi kuchokozwa na ndege. Aliketi akafikiri. Barabara zote za kule zina mtaro wenye nyasi kila upande, na mtaro ule kwa sheria ni wa kila mtu, hata kama mahindi yaliyo nyuma ya senyenge yana mwenyewe. Basi akaendesha pikapu mpaka barabara ya changarawe inayopita upande wa magharibi wa shamba la Weisz, akaegesha, akashuka mtaroni, akapindua ndoo, akaikalia. Jua lilikuwa mgongoni mwake. Mbele yake, nyuma ya senyenge, mahindi yalikuwa yakichakacha.

Waliokuwa wakiyachakachisha ni Duane na majemadari wake saba. Walikuwa wamejipanga mstari mmoja, wanatembea kuja upande wake, wanaswaga kila chenye mabawa, nalo jua limewakalia machoni.

Na hapo, enyi wasikilizaji, pembeni kabisa mwa mahindi, akainuka yeye mwenyewe, sultani wa makapi, mwenye pete nyeupe shingoni na mkia kama upanga uliotoka alani, akanguruma kwa mabawa yake, akapanda juu. Duane akakunja uso dhidi ya jua. Aliona kitu cheusi tu, kisicho na pete wala rangi.

"Jike," akatangaza.

Mitutu minane ikashuka kwa adabu.

Arlys alikuwa na jua mgongoni. Aliiona pete, aliuona wekundu wa shavu, aliona hata dharau. Hakupiga kuelekea kwa watu. Alimwacha apite juu ya kofia yake, akamwacha avuke barabara, akageuka juu ya goti lile la Mungu, akafyatua mara moja. Jogoo akakunja mabawa akaanguka mtaro wa pili.

Tilda, ambaye hakusikia kitu, aliona bosi wake amesimama, akaelewa. Akavuka barabara kama bibi arusi anayepita kati ya wageni, akapumzika katikati, akaendelea. Wanaume wanane wakamngoja senyengeni. Aliporudi na jogoo mdomoni, alimweka miguuni pa Arlys, kisha akakaa juu ya mkia wake.

"Shemeji," akasema Duane, "huyo ni wetu. Tumemswaga shamba zima. Tumemlipia."

Arlys akasimama juu ya ndoo ili aonekane, akahutubia: "Shemeji yangu, nimesikia kwa masikio yangu, na Tilda ambaye ni kiziwi naye kasikia. Ulisema jike. Jike wenu amekwenda zake, Mungu amlinde, azae vifaranga wengi. Huyu ana pete shingoni na mwiba mguuni. Huyu ni mwingine."

Mmoja wa wenzake Duane, mtu mnene aitwaye Curt, akacheka kwa pua. "Duane, ulisema jike. Mimi nilishamlenga. Nimeshusha kwa heshima yako."

"Jua lilikuwa machoni."

"Ndiyo maana wengine hunyamaza."

Duane akamgeukia Myron, aliyekuwa amekuja na trekta kutazama kelele ni za nini. "Mwenye shamba, sema wewe."

Myron akavua kofia, akajikuna, akanena kama kadhi: "Mimi nauza nilicho nacho. Nina mahindi, nina nyasi, nina lango. Jogoo sina. Hata marehemu baba hakuwa naye." Kisha akavuka senyenge, akashuka mtaroni kumtazama ndege, na macho yake yakaangukia kikapu. "Mama Arlys, hiyo ni kuken?"

"Ya plamu."

Akameza mate. "Nikionja, itakuwa umenilipa kama zamani?"

Hapo moyo wa binti Halvor ukasita, kwani kipande kimoja kikishuka kama ada, kiapo kimevunjika na kiti kimekwenda. Duane naye alilielewa hilo, akaanza kutabasamu. Lakini Arlys, aliyempakulia Myron chakula tangu hajaota meno ya mbele, hakuharakisha.

"Umesimama wapi, mwanangu?"

Myron akatazama buti zake. "Mtaroni."

"Basi hapa si kwako. Hapa ni pa watu wote, na hapa hakuna ada. Kula."

Akala. Akala na cha pili. "Baba alikuwa ananikatia kipande hiki," akasema, akionyesha ukubwa wa kidole gumba. "Kilichobaki alijificha nacho ghalani."

"Najua," akasema Arlys. "Alinieleza."

Jumapili jogoo mmoja aligawiwa midomo tisa, na kila mtu alipata kipande ambacho alipaswa kukitafuta chini ya mchuzi. Arlys akakaa kiti cha Halvor. Kiti kikalia kidogo, kama kawaida yake. Duane akasimama na glasi ya maji, akakohoa, akasema, "Namshukuru shemeji yangu kwa jike huyu."

Wakacheka mpaka Tilda akaamka.

Hivyo ndivyo ilivyokuwa, na mambo hayo yameandikwa kwa kalamu ya risasi nyuma ya mlango wa stoo ya Arlys, chini ya orodha ya mitungi ya matango. Na hata leo Edenfeld, mtu akiachia kitu kizuri kikampita kwa sababu aliwahi kusema kabla hajatazama, hawamlaumu sana. Humwambia tu: "Pole. Ulishasema jike."