Mhadhara wa Bure na Shimo la Chumba cha Wageni

Jumamosi, 4 Oktoba

Nimerudi kutoka kwenye mhadhara wa Jumuiya ya Mambo ya Kale. Bure! Viti bure, chai bure, biskuti za ufuta bure. Kichwa kinazunguka. Hapa Ajlun, Jordan, hata salamu ina bei yake. Sasa msomi mzima, Daktari Mifleh, anasimama akitokwa jasho kuwafundisha watu asiowajua, na halipwi? Kuna jambo.

Isitoshe, amesema wao hawatafuti dhahabu. Nani alimuuliza? Jirani akija kuapa kwamba hajamla kuku wako, na wewe hata hujajua kuku kapotea, utafanya nini? Utawahesabu kuku. Kisha akasema kitu cha thamani kuliko vyote ni jaa la taka la watu wa kale. Taka! Hapo ndipo niliposhindwa kabisa. Nikamtazama Fawwaz, kaka wa mke wangu, aliyejipachika kiti cha mbele kama bwana harusi. Alikuwa anaandika huku akitikisa kichwa kama aliyeelewa. Fawwaz hajawahi kuelewa kitu tangu tumfahamu. Leo kaelewa nini?

Mwishoni ikaonyeshwa picha ya nyumba ya mawe. Daktari akasema watu wa kale walichimba shimo la kuhifadhia vitu chini ya chumba kilicho bora, upande wa ndani kabisa, palipo baridi. Fawwaz akageuka, akanitazama. Mji mzima unajua kwamba chumba changu cha wageni babu alikijenga juu ya mawe ya kale.

Jumapili, 5 Oktoba

Nimegonga sakafu ya chumba cha wageni kwa mpini wa sururu. Mlangoni: du. Katikati: du. Kule ndani, mahali pa heshima anapokaa mgeni mkubwa: ndooo! Au nimesikia ninachotaka kusikia? Nikagonga tena. Sasa hata mlangoni panalia ndooo. Masikio yangu yanabishana.

Mke wangu, Umm Dirgham, akaingia kuuliza kulikoni. Nikasema napima kama sakafu itawabeba wageni. Akafurahi! Alidhani nimeanza kujali. Ijumaa hii washenga wanakuja kutoka Irbid kumposa binti yetu Hanadi. Akanikumbusha, kidole mbele ya pua yangu, kwamba mchumba wa kwanza nilimfukuza mimi kwa kubishana na baba yake juu ya kondoo, na kwamba huyu Hanadi anampenda. Hii nayo ikiharibika, yeye anahamia kwa kaka yake. Kwa Fawwaz! Akamwage siri za nyumba yangu huko, sahani kwa sahani! Hapana. Posa lazima ifane.

Hanadi naye akaja akanishika mkono. "Baba, nakuomba, Ijumaa usifanye kitu. Chochote kile. Wewe kaa tu." Machozi yalimlengalenga. Nikaahidi, na nilikuwa na nia njema. Ijumaa sitafanya kitu. Leo ni Jumapili.

Jumanne, 7 Oktoba

Wanawake wamekwenda Irbid kununua vitambaa, kutwa nzima. Zulia nikalikunja. Mawe bapa nikayang'oa. Chini: majivu. Mifupa ya mbuzi. Vigae. Majivu tena. Hakuna dhahabu.

Baadaye nikaelewa! Taka ni kifuniko. Waliitupa juu ili mwizi akate tamaa. Ndiyo maana Daktari anaisifia. Lakini alisema thamani imo ndani ya taka, au iko chini ya taka? Sikumbuki. Laiti ningeandika. Fawwaz aliandika.

Udongo nimeumwaga nyuma ya ukuta, bustanini kwa Fawwaz. Kabla jua halijazama alikuwa mlangoni, anauliza nani anapanda vigae kwenye nyanya zake. Nikasema labda ni mvua. Akatazama mbingu. Akatazama kucha zangu. "Shemeji," akasema, "mchimba kisima huingia mwenyewe." Nikamjibu kwamba mimi sichimbi kisima. Na ni kweli, sichimbi kisima.

Alhamisi, 9 Oktoba

Shimo limenifika kifuani. Upande mmoja umetokeza ukuta uliopakwa chokaa. Chokaa ina maana gani? Kwamba niko karibu, au kwamba nimepita? Hakuna wa kumuuliza bila kumfungua macho.

Muda umekwisha. Kesho ndiyo kesho. Mawe bapa yamevunjika, hayarudi tena. Nimelaza mbao za kitanda cha zamani juu ya shimo, kisha jamvi, kisha zulia, kisha godoro na mito. Nikakanyaga kwa mguu mmoja. Pakalia kama mlango wa msikiti. Mtu mwembamba anaweza kukaa hapo. Tatizo ni kwamba mkuu wa washenga hawi mwembamba hata siku moja.

Nimepata ufumbuzi. Mgeni mkubwa nitamkalisha karibu na mlango. Nitasema pana hewa.

Ijumaa, 10 Oktoba

Maafa! Niandike kwa utaratibu.

Walifika baada ya sala ya Alasiri, msafara wa magari. Mbele Haji Mithqal, babu yake bwana harusi, mtu mwenye tumbo la heshima. Na nyuma yake nani? Daktari Mifleh! Kumbe ni mjomba wa kijana. Kaifuata dhahabu yangu mpaka kwenye posa ya mwanangu!

Nikamwonyesha Haji mahali pake, mlangoni, kando ya viatu. Nikasema pana hewa. Mzee mmoja akauliza kwa sauti kama wamekuja kuposa au kuomba sadaka. Nikasema siku hizi heshima imehamia mlangoni. Sijui kwa nini nilisema hivyo. Uso wa Haji ukawa mwekundu kuliko kitambaa cha kichwani mwake.

Fawwaz, ambaye hakuna aliyemwita, akaruka. "Aibu gani hii, shemeji! Haji, mahali pako ni kule ndani!" Haji akakataa, kama adabu inavyotaka. Fawwaz akaapa kwa Mungu kwamba hakuna atakayekaa kabla Haji hajakaa kule. Nami nikaapa kwa Mungu kwamba atakaa hapahapa. Viapo viwili, Haji mmoja. Mimi navuta mkono huu, Fawwaz anavuta ule. Mikono yangu ilikuwa imechoka kwa kuchimba.

Haji akaketi kule ndani. Polepole, alhamdulillahi. Mbao zikalia lakini zikashika. Nikammiminia kahawa haraka. Akaiweka sakafuni mbele yake bila kuionja, ndiyo desturi, mshenga hanywi kabla ya kupewa jibu. Akavuta pumzi, akajiinua kidogo aanze hotuba, kisha akajibwaga chini.

Kra! Haji hayupo. Yaani yupo, kuanzia mabegani kwenda juu.

Nyuma ya pazia nikamsikia Hanadi akilia, na moyo uliniuma kweli. Nilimwambia nitakaa tu. Wanaume wakaanza kutafuta viatu vyao. Mmoja akasema kwamba amesikia habari za watu wanaokataa posa, lakini kuwatega wageni kama fisi ndiyo kwanza anaona.

Ndipo bega la Haji likaanza kutikisika. Nikadhani roho inatoka. Kumbe anacheka! Anacheka mpaka kikohozi! Akaunyoosha mkono nje ya shimo, akakishika kikombe, ambacho Mungu alikihifadhi ukingoni. "Abu Dirgham!" akaningurumia. "Tangu nipate ndevu naposea watu, sijawahi kupokewa hivi! Basi kahawa yako siinywi, na humu sitoki, mpaka useme Hanadi ni wetu!"

Nikasema ni wenu, ni wenu, mchukueni! Hata sharti moja sikutaja. Akainywa kahawa papo hapo, shimoni. Vigelegele vikapasua nyumba. Wakamtoa kwa kumvuta, Fawwaz akivuta kuliko wote ili aonekane.

Daktari Mifleh hakuvuta. Haji alipotoka, yeye akatumbukia! Na suti yake! Akashika kigae, akakinusa, akapiga kelele kwamba ni jaa la taka, jaa zuri ajabu. Machozi yanamtoka. Akapanda juu akanikumbatia. Mimi nilisimama tu na dele la kahawa mkononi, sielewi nimekamatwa au nimepongezwa.

Jumatatu, 13 Oktoba

Jumuiya imehamia chumbani kwangu. Wanachimba bure. Wanachimba kwa kijiko na brashi! Nimewatolea sururu, wakaishtukia kama nimewatolea nyoka. Daktari ananiomba nisiingie bila kuvua viatu. Chumba changu mwenyewe!

Mke wangu hakuhamia kwa Fawwaz. Hasemi nami, ila anaimba jikoni. Hanadi amenibusu mkono, kisha akacheka, kisha akaniambia nisirudie tena.

Leo wamefika mwambani. Mwisho wa shimo. Dhahabu hakuna, nimesimama nikitazama mwenyewe. Wamepata mbegu za zeituni zilizoungua, na wameshikana mikono kama waliopata mtoto. Mhadhara ujao ni juu ya shimo langu, mimi nikae mbele, Fawwaz nyuma. Hilo limenipoza kidogo.

Lakini swali liko palepale. Ukoo wenye msomi kama huyu, anayejua kila shimo nchini, dhahabu wanaiweka wapi?

Ijumaa, 17 Oktoba

Tumekwenda Irbid kulipa ziara kwa wakwe, kwenye nyumba atakayoishi Hanadi. Ghorofa ya tatu, ngazi zimenimaliza magoti. Kunafa, andazi lao la jibini na shira, tamu sana. Haji Mithqal mwenyewe akanishika mkono, akaniketisha mahali pa heshima, akaniambia nisiogope, kwao hakuna mashimo. Watu wakacheka. Mimi sikucheka. Tena kasema bila kuulizwa!

Hanadi akanitazama kwa jicho la kusihi. Nikakaa tu. Kisigino changu ndicho kilichogonga sakafu, kidogo.

Patupu! Pamelia patupu kabisa! Uwazi mkubwa, mpana kama sebule nzima. Nikagonga tena kwa nguvu zaidi. Nikajibiwa! Kutoka chini, ngo! ngo! ngo! za hasira, na sauti ya kuguna. Kila mtu anajua kwamba hazina ya kweli hulindwa na jini.

Kwa ujanja nikamuuliza Haji kama huwa wanasikia sauti chini ya sakafu. Akasema ndiyo, kila siku, hasa mchana wakati wa kulala. Alisema kwa utulivu, huku anatafuna. Maskini, wameshaizoea! Wameikalia miaka yote, na mwanangu anakwenda kulala juu yake.

Harusi ni mwezi ujao. Nimenunua mtaimbo mfupi, nimeufunga kwa taulo, nimeulaza chini kabisa ya sanduku la bi harusi. Hanadi amejaribu kulinyanyua, akauliza mbona zito hivi. Nikamwambia ni baraka za wazazi.