Dakika Ishirini Hadi Makaburini

Jumanne, 5 Machi

Siku mbaya. Trafiki wamenisimamisha nikiwa na jeneza nyuma na mjane kando yangu. Mwendo tisini na mbili, mahali pa hamsini! Askari akauliza nakimbilia wapi. Nikamwambia makaburini. Akasema huko hata kwa miguu mtu hufika. Alicheka peke yake. Dakika kumi nzima anaandika karatasi yake, na mjane katazama mbele tu, mkono mmoja kaupitisha nyuma ya kiti, kalishika jeneza.

Mazishi yalikuwa saa nne. Muda ulikuwa tele. Lakini bosi anaamini madereva tunazurura njiani, na ametangaza kwamba gari jipya la maiti litapewa dereva mwenye safari fupi zaidi kwenye daftari mwezi huu. Kobe ananitangulia kwa dakika tatu. Kobe, dereva mwenzangu, anayepiga breki akiona kivuli chake mwenyewe! Haiwezekani.

Kila dereva hujiandikia mwenyewe saa ya kutoka na ya kufika. Basi nimejiandikia: kutoka 3:00, kufika 3:20. Kilomita arobaini na mbili. Ukweli ni dakika arobaini na tano, ukihesabu na zile za trafiki. Trafiki sikuwaandika.

Jumatano, 6 Machi

Mke wangu ameikuta karatasi mfukoni akifua. Ni kosa la tatu mwaka huu, kwa hiyo ni lazima nifike mahakamani, na leseni inaweza kufungiwa miezi sita. Akaniuliza dereva asiye na leseni anaitwaje. Akasema nikaombe radhi kwa hakimu, yaishe. Mimi niombe radhi! Kobe akisikia atacheka mpaka adondoshe meno.

Natafuta wakili.

Ijumaa, 8 Machi

Nimempata. Ofisi yake iko juu ya fundi viatu, nyundo inagonga chini muda wote. Kazi yake hasa ni kesi za viwanja. Trafiki hajawahi, ila anasema sheria ni sheria.

Kwanza akanishauri nikiri. Alisema hakimu huyu ni mama mwelewa, nikijishusha huenda akanifungia mwezi mmoja tu. Nikamwambia sikupanda ngazi zote zile kuja kusikia maneno ya mke wangu. Akashusha pumzi. Akauliza kama nina chochote cha kuonyesha kwamba mimi ni mfanyakazi makini.

Daftari!

Nilikuwa nalo kwenye mfuko. Kila safari imeandikwa, mistari imepigwa kwa rula, muhuri wa bosi kila wiki. Wakili akalipekua, akasifu mwandiko. Akauliza kama niko tayari kuapa kwamba yote yaliyomo ni kweli. Nikasema kila dakika.

Nimetembea hadi nyumbani napiga mluzi.

Jumatatu, 11 Machi

Trafiki wamemwandika mjane kuwa shahidi. Nimeenda kwake na kilo mbili za sukari, nimwombe aseme tulikwenda taratibu.

Viatu vya marehemu bado viko mlangoni, vimepigwa rangi. Mjane alinikaribisha vizuri, na hapo ndipo nilipoanza kukosa raha. Alisema mumewe aliogopa mwendo maisha yake yote. Safari ndefu alikaa kiti cha nyuma akafumba macho. Akanikumbusha kwamba siku ile aliniomba mara mbili: baba, polepole, huyu hana haraka tena. Kila kona, alisema, alilisikia jeneza likisogea, ndiyo maana akalishika.

Nakumbuka aliniomba. Nilidhani anaongea na marehemu.

Niliona aibu. Aibu ya kweli. Alisema atakachoulizwa atakijibu kama kilivyokuwa, na kwamba hana kinyongo nami. Nikaaga haraka. Nilipofika barabarani nikaona sukari ningali nayo mkononi. Kurudi nisingeweza. Chai ya leo imekuwa tamu, sikuimaliza.

Alhamisi, 14 Machi

Nilimwalika bosi aje anione nikishinda. Alikaa mstari wa mbele na miwani yake. Kobe naye alikuja, bila kualikwa.

Mjane aliulizwa, akajibu. Hakuongeza hata neno. Wakili wangu akasimama, akasema mteja wake ni mtu wa utaratibu, akalitoa daftari. Mimi nikaapa kwamba yaliyomo ni kweli. Sauti yangu ilijaa chumba.

Hakimu akafungua ukurasa wa tarehe tano. Akaomba penseli. Akasema kwa sauti ya chini: kutoka 3:00, kufika 3:20, kilomita arobaini na mbili. Katika dakika ishirini hizo, askari ameandika kwamba alinisimamisha dakika kumi. Zimebaki kumi. Akainua macho. Akasema mashtaka ni ya tisini na mbili, lakini kwa kiapo changu mwenyewe nilikuwa napita mia mbili na hamsini, na maiti nyuma.

Wakili alikaa chini. Nilimtazama, akatazama viatu vyake.

Hakimu akauliza: gari lilikimbia hivyo, au daftari linasema uongo? Bosi alivua miwani. Nikasema daftari linasema uongo. Nilisema taratibu, lakini chumba kilikuwa kimya mno.

Miezi sita. Hakimu alisema angenipa mmoja kama ningekiri, na nishukuru kwamba kwa kile kiapo hakunifungulia kesi nyingine. Ukurasa ukagongwa muhuri wa mahakama, nakala ikabaki kwenye jalada, daftari likarudishwa kwa bosi. Mjane alipita karibu yangu akitoka, akanipa pole. Afadhali angenitukana.

Jumamosi, 16 Machi

Bosi hakunifukuza. Ninaosha magari na kufagia ofisi mpaka leseni irudi. Amesema nikicheza na daftari tena nisirudi hata kuchukua viatu vyangu. Gari jipya amepewa Kobe. Nimeliosha leo. Kobe alinionyesha kwa kidole mahali nilipopasahau.

Usiku wa kuamkia leo nilikuwa nimeamua kutulia. Kweli kabisa. Kisha asubuhi nikifagia ofisi nikaliona daftari mezani, limeachwa wazi ukurasa ule ule.

Kumbe ni rahisi! Hiyo 3:20 nimeitia mkia, sasa ni 5:20. Saa mbili na dakika ishirini njiani, mwendo wa kilomita kumi na nane kwa saa. Nani atamfungia leseni mtu wa namna hiyo? Muhuri wa mahakama nimeuacha ulivyo, unaupa ukurasa heshima. Nimempigia wakili kumwambia tunakata rufaa. Simu ilikatika mara tatu, mtandao mbovu.

Nimemweleza mke wangu, nikidhani atafurahi. Akaendelea kukunja nguo. Kisha akaniuliza kama jeneza lilifika saa tano na dakika ishirini, saa nne walimzika nani.

Wanawake hawaelewi sheria.